Upele Usirudi Ndani

Juzi basi letu lilisimama Mikumi ili abiria wachimbe dawa. Mimi nilibaki dirishani. Chini yangu mama mmoja aliuza karanga huku amebeba mtoto mgongoni, na mtoto yule alikuwa akijikuna katikati ya vidole kwa namna ambayo ukishaiona huisahau: kichwa kimelala upande, macho yamefumbwa nusu, kama anayesikiliza wimbo. Nikashuka. Nilitaka kumwambia mama yule jambo, nikaishia kununua karanga ambazo sikuzila.

Mdogo wangu alijikuna hivyohivyo. Nakwambia mapema, rafiki yangu, usije ukatumaini bure: hakupona.

Tuliishi kambi ya mkonge, upande wa Ulaya, ile ya Kilosa, katika nyumba za mstari zilizojengwa kwa ajili ya manamba. Babu aliletwa huko kukata mkonge, akafa akiukata, na bibi akabaki na chumba kimoja na lugha ya kwao ambayo aliitumia kwa kugombeza tu. Nilipopata akili shamba lilikuwa limekwisha kufa. King'ora hakilii, korona, ule mtambo wa kusindika mkonge, imeota majani, na tabibu wa zahanati ya shamba alikuwa ameondoka na ufunguo wake. Watu wazima walisema nchi imefunguliwa, biashara sasa ni huria. Sisi watoto tuliujua uhuria huo kwa harufu: siku ya gulio yalifunguliwa marobota ya mitumba, na harufu ya nguo za watu tusiowajua ikafunika hata ile ya dagaa.

Ngozi zetu zilikuwa na majira yake, kama mashamba. Joto lilikuja na harara, maembe yakaja na majipu, na shule ilipofunguliwa tukagawana mapunye na mashilingi, yale mabaka ya mviringo, kama tulivyogawana madaftari. Bibi alikuwa na jibu kwa kila kimoja. Alichemsha majani ya mwarobaini mpaka maji yakawa meusi, akatukalisha kwenye beseni uani, akatusugua kwa kamba ya mkonge huku tukilia. "Piga kelele," alisema. "Mwenye kelele hajafa." Jioni tulinuka uchungu ule, na hata ugali tulioushika ukawa mchungu.

Lakini upele wa mwaka ule haukujali mwarobaini. Ulimwingia mdogo wangu vidoleni, ukashuka kiunoni, ukapanda makwapani. Watoto wenzake walimkimbia wakiimba, "Wa mitumba! Wa mitumba!" Naye, kwa kuwa alikuwa na ulimi mkali kuliko umri wake, aliwajibu, "Wa mitumba ni mamako, kanunuliwa gulioni!" kisha akarudi ndani kujikuna.

Ndipo mama akampeleka kwa Daktari Peremende.

Hilo ndilo jina tulilompa. Alikuwa karani mstaafu wa shamba, mtu mpole, shati limepigwa pasi hata siku za vumbi. Alijifunza utabibu kwa njia ya posta, na kwa kuwa sasa kila mtu aliruhusiwa kujitafutia, alifungua chumba katika duka la zamani la kambi. Mezani alipanga vichupa vidogo vyenye vidonge vyeupe, vidogo kuliko punje za mtama, vitamu. Alimuuliza mdogo wangu mambo ambayo hakuna tabibu aliyewahi kumuuliza mtoto. Unaota nini? Unapenda chumvi au sukari? Ukilala, miguu unaitoa nje ya shuka?

"Naitoa," mdogo wangu akasema. "Dada ananipiga mateke."

Mzee akacheka, akamweka kidonge chini ya ulimi. Alimweleza mama kwamba kiberiti cha unga, yaani salfa, ndicho kinachowasha ngozi ya mtu mwenye afya, na kwa hiyo chembe yake, ikizimuliwa na maji tena na tena mpaka isionekane, ndiyo itakayouondoa muwasho. Kisha akatoa masharti: asipakwe chochote. Si mafuta, si dawa ya maji, si mwarobaini. "Upele ni ugonjwa unaotafuta mlango, mama. Ukipaka dawa unaufunga mlango, unarudi ndani. Utazidi kwanza, ndipo utaisha. Ukizidi, shukuru."

Nilidhani bibi atambishia. Lakini bibi alikuwa amelea watoto wa surua, na kwao mtoto wa surua hapakwi wala hachomwi sindano mpaka vipele vyote vimetoka. Aliposikia maneno ya mzee alipiga kofi pajani. "Huyu sasa ndiye daktari!" Tangu hapo beseni likageuzwa kifudifudi.

Upele ukazidi, nasi tukashukuru. Vipele vikawa vidonda, vidonda vikatunga usaha, nzi wakawa wageni wetu. Mama alimfukuzia nzi kwa kanga na kuhesabu kila kidonda kipya kama hatua ya safari. Na kweli, baada ya muda, vidonda vikaanza kukauka. Kisha, jambo la ajabu, mdogo wangu akaanza kunenepa.

Uso ndio uliotangulia. Aliamka mashavu yamejaa, macho yamekuwa madogo kama ya mtu anayecheka. Jirani yetu, mama wa Kisukuma aliyekuja na mumewe na ng'ombe kutoka kanda ya ziwa, alisimama mlangoni na ndoo ya maziwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ingia umwone mjukuu wangu."

"Heee! Huyu mmemlisha nini? Mashavu kama maandazi!"

"Ugonjwa umetoka," bibi akasema. "Kilichobaki ni mtoto."

Siku hizo nyumba yetu ilicheka. Mdogo wangu peke yake hakucheka. Alilala mchana, alisema kichwa kinamgonga, na mkojo wake ukawa na rangi ya chai ya rangi. Mama alipouona ndipo kicheko kilipoisha. Alimfunga mgongoni, jirani akatoa baiskeli, wakaenda Kilosa. Mimi nilifuatana nao kwa miguu mpaka pumzi iliponiishia.

Mama alitusimulia baadaye kwamba muuguzi hakumuuliza mtoto anaota nini. Alibonyeza muundi wake kwa kidole gumba, akakiondoa, na shimo likabaki. "Hii si nyama, mama," akasema. "Ni maji. Vidonda vimemharibu figo." Walijitahidi. Alirudi amefunikwa.

Daktari Peremende alikuja msibani, shati limepigwa pasi. Bibi alimpisha akae mkekani karibu naye. Walikaa hivyo, wawili walioamini kitu kimoja, bila kuangaliana, hata chakula kilipoletwa.

Leo kambi haipo, bibi hayupo, mzee yule hayupo. Lakini si hayo yanayonitesa. Katika siku zile za kunenepa mpiga picha alipita na baiskeli, na mama, kwa furaha, akamvisha mdogo wangu gauni na kumsimamisha ukutani. Ndiyo picha yake pekee. Imetundikwa sebuleni kwa mama, na wageni husema alikuwa mtoto wa afya. Nimeitazama miaka yote hii, mpaka uso ule uliovimba umeufukuza ule mwingine, mwembamba, wenye ulimi mkali. Nikifumba macho kumtafuta mdogo wangu, ninayemwona ni ugonjwa wake.