Mkono Hadi Chini ya Gunia

Dada yangu hanunui dagaa bila kuzamisha mkono hadi chini ya gunia. Juu huwekwa wale wakavu, wanaong'aa. Chini ndiko mchanga na waliovunda. Miaka ya biashara ya dagaa pale Kibirizi, ufukweni mwa ziwa, imemfundisha hivyo, na miaka hiyohiyo imemwachia kifua kinachokohoa kila vumbi la dagaa linapopanda. Mwaka jana aliamua kuacha. Alitaka kufungua banda la gemu za kulipia karibu na mwalo, pale mitumbwi inapoteremsha samaki, liwe tayari kabla ya mbalamwezi, siku ambazo taa za mitumbwi hazivuti dagaa na wavuvi hushinda nchi kavu bila kazi.

Akaniomba nimtafutie mashine ya gemu. Mimi ni mtu wa daftari, karani wa watafiti wa kizungu wanaochunguza sokwe. Nilizunguka maduka matatu ya Kigoma mjini na moja la Ujiji, nikaandika: PS 4 iliyotumika, laki sita na nusu, pedi mbili za kuchezea. Xbox ya rika lake, laki tano na ishirini, pedi moja. PS 5, milioni moja na laki sita. Hiyo niliiandika kwa kujifurahisha tu. Kisha nikawauliza vijana wa mwaloni wangependa ipi.

"Xbox? Kaka, hiyo wapelekee wazungu wako wa sokwe," mmoja akajibu. "Vidole vyetu vimezoea PS."

Basi, PS. Duka la mwisho nililoingia lilikuwa na PS 4 nyingine iliyotumika, kwa laki tano na nusu tu. Nilifurahi kama aliyeokota pesa.

Siku ya kununua, mkesha wa mbalamwezi, dada aliigeuzageuza, akainusa. "Ifungue nione ndani," akamwambia muuzaji.

Muuzaji, kijana anayenukia marashi makali, akacheka. "Mama, hii si dagaa. Ikibanduka hiyo stika, waranti imekufa."

"Chini ya gunia sijafika," dada akasema, akinitazama mimi.

Niliona aibu. Wateja wengine walikuwa wakitabasamu, na kanga yake ilinuka shombo. "Dada, usituaibishe," nikamnong'oneza. "Vitu hivi havinunuliwi hivyo."

Akatoa pesa.

Siku ya pili ya mbalamwezi, banda likiwa limejaa wavuvi, mashine ilivuma kama bodaboda inayopanda mlima, ikazimika. Ikatoka harufu ya kitu kilichoungua na kuoza kwa pamoja. Nikabandua stika, nikaifungua kwa bisibisi.

Mende. Walio hai walinipanda mikononi hadi kwenye viwiko. Waliokufa walikuwa wamegandamana kwenye feni, tabaka juu ya tabaka, pamoja na vifuko vyao vya mayai na kinyesi cheusi kama majani ya chai. Mmoja alipasuka chini ya kidole gumba changu, akatoa uji mweupe. Wavuvi, watu wanaokula ugali wao kando ya matumbo ya samaki, walitoka nje wakitema mate.

Tuliirudisha dukani siku hiyohiyo. Muuzaji hakuigusa. "Hao ni wa kwenu Kibirizi, mama. Wamefuata shombo."

"Kwa siku mbili wamezaa, wamezeeka na kufa?" dada akauliza.

"Mimi naangalia stika. Nani kaibandua?"

Nilikuwa nimeibandua mimi. Akatugeuzia mgongo, akajipulizia marashi shingoni mbele yetu. Tangu siku hiyo, nikipita mlango ule natema mate.

Lakini kinachonichefua zaidi ni daftari langu. Mistari imenyooka, bei zote zipo, hata idadi ya pedi. Hakuna mahali nilipoandika neno moja kuhusu ndani ya mashine. Aliyejua pa kutazama alikuwa mmoja, nami nilimnyamazisha kwa sababu ya kanga yake.

Dada hajawahi kunilaumu. Giza liliporudi ziwani na mitumbwi ikaanza kutoka, naye alifunga banda, akarudi mwaloni kwenye dagaa. Nilimkuta asubuhi moja ameinamia gunia, mkono umezama hadi begani, anakohoa.