Tone la Mzee Sekunde

Mume wangu ni fundi saa, na mtaa mzima unamwita Mzee Sekunde. Jina halimkeri. Kinachomkera ni mtu kufika kwenye kibanda chake na kusema saa yake inachelewa "kidogo tu". Hapo huinua kichwa, akamtazama kwa jicho moja, maana lile jingine limebana kilenzi cha kazi, akauliza: "Kidogo ni sekunde ngapi?" Mteja akijibu kwamba hajui, labda dakika tano hivi, ameshaharibu siku ya watu.

Nimeishi naye miaka thelathini na minne, kwa hiyo ninayoyasema nayajua. Ni mtu mwema, hana makuu, hajawahi kuninyanyulia sauti. Tatizo lake ni moja: hana mdomo. Unaweza kukaa naye tangu asubuhi mpaka jioni, ukaondoka na maneno sita, na matatu kati ya hayo ni "sogea, unanizuia mwanga".

Mimi nimeshazoea. Aliyekuwa akiumia ni binti yetu, kitindamimba, aliyekwenda kufanya kazi nchi ya mbali. Akipiga simu, mimi na yeye tunaongea saa nzima mpaka sikio linapata moto. Kisha nampa baba yake. "Shikamoo baba." "Marahaba. Hujambo?" "Sijambo." "Huko baridi?" "Baridi." "Haya." Hapo simu ananirudishia haraka kana kwamba imemuunguza vidole.

Sasa siku moja tuko mezani, simu nimeiweka kwenye spika, binti ananisimulia kwamba siku za mapumziko yeye hucheza gemu ya kompyuta na watu asiowajua, kila mtu yuko kwake, wanacheza huku wanaongea. Akacheka. "Mama, wale watu najua mpaka majina ya paka wao. Baba mwenyewe sijui hata huwa anawaza nini." Alisema kwa utani tu. Lakini Mzee alikuwa palepale, na tonge lake likaishia njiani. Akanawa mikono, akaivuta simu kwake, akauliza swali refu kuliko yote aliyowahi kumuuliza mwanawe: "Hiyo gemu yenu inataka kompyuta ya namna gani?"

Binti alidhani ni mzaha. Akamtajia: iwe na prosesa ya nguvu, kadi ya picha ya nguvu, feni za kutosha. Mzee akaandika yote nyuma ya risiti kwa maandishi madogo ambayo sisimizi angeyasoma kwa shida. Nilimwambia anunue iliyo tayari dukani tuishi kwa amani. Akanikatalia. "Ya dukani imefungwa na mtu nisiyemjua," akasema, na hapo mjadala ukafungwa.

Vifaa vikaanza kuingia nyumbani kimoja kimoja, kila kimoja na boksi lake, na kila boksi ndani yake limejaa sponji. Meza yangu ya kulia ikatekwa nyara. Akaitandika kitambaa cheupe, akapanga vibano na bisibisi zake, skrubu akazigawa kwenye vizibo vya soda kufuata urefu. Sisi tukawa tunakula sahani tumezipakata mapajani. Dada yangu alikuja kunitembelea, maskini, akasogelea meza ashangae kidogo, akaambiwa: "Shemeji, pumulia upande ule." Hajaja tena mpaka leo.

Kasha lenyewe lilikuwa na kioo ubavuni na feni zenye taa za rangi. Alitaka lisilo na taa, akalikosa. Basi likawa linameta sebuleni kama ukumbi wa harusi, kijani, zambarau, buluu, na katikati ya shamrashamra hiyo ameketi mtu mzima mwenye mvi na kilenzi jichoni, amenuna.

Lakini kazi aliifanya, mwacheni nimsifu. Kila skrubu aliikaza kwa vidole viwili. Kebo alizilaza kwa mstari kama nywele zilizosukwa. Akafika kwenye prosesa, kile kijisahani cha chuma ambacho ndicho akili ya mashine, na ambacho feni yake hukalishwa juu yake. Katikati ya viwili hivyo inapakwa dawa ya kupitisha joto, ya kijivu, imekaa kama dawa ya meno. Kijitabu cha maelekezo kilikuwa na mchoro wa tone kubwa kama punje ya mahindi. Mzee akaukagua mchoro kwa kilenzi, akaguna. "Wamechora kubwa ili watu waone," akasema.

Akachukua pini. Akachovya ncha. Akagusa prosesa mara moja, akafunika.

Mtu wa kawaida asingefanya hivyo. Lakini yeye kazi yake yote ni mafuta ya saa, na kwenye saa tone likizidi linatambaa, linashika vumbi, na saa inakufa. Alipokuwa anajifunza kazi, mwalimu wake alimfukuza siku mbili nzima kwa ajili ya tone lililozidi. Mkono wake haujui kuweka zaidi ya hapo hata ukiulazimisha.

Jumapili alasiri tukawasha. Mashine ikaitika, skrini ikawaka, nami nikapiga vigelegele, sikujizuia. Binti akamwelekeza kwa simu abonyeze wapi na wapi, mpaka akaingia ndani ya gemu. Ni gemu ya watu waliotupwa porini: unakata miti, unajenga kibanda, unapanda chakula chako. Vya kuvaa masikioni Mzee hakuvitaka, vinambana, kwa hiyo sauti ilitoka kwenye spika na sebule nzima ikamsikia mtoto wetu: "Baba! Ni wewe huyo mwenye shati jekundu? Mbona unatembea kinyumenyume?"

Mzee akavuta pumzi. Nilimwona kwa macho yangu, maneno yamefika kwenye meno kabisa. Kompyuta ikazimika.

Dakika kumi na moja na sekunde arobaini. Alipima, bila shaka.

Akaanza kuushuku umeme. Friji ikazimwa, pasi ikapigwa marufuku, mpaka jirani wa ukuta wa pili akabishiwa hodi na kuulizwa kwa heshima kama kuna kitu anachaji. Maziwa yangu yakachacha. Alipoona umeme hauna kosa, akaifungua mashine yote, skrubu hata moja haikubaki, akaipangusa, akaifunga upya. Na kila alipofika kwenye lile tone, aliliweka dogo kuliko la mwanzo, kwa kuhofia kwamba ndilo lililozidi.

Jumapili ya pili ikazimika baada ya dakika sita. Ya tatu, dakika mbili na nusu, binti yetu hata salamu hajamaliza.

Jioni ile binti akanipigia mimi. "Mama, mwambie baba aache tu. Asijisumbue. Mimi nimeshazoea." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonikata maini. Mtu mwenye hasira bado anangoja kitu. Nikamtazama Mzee: ameketi mbele ya kasha lake, mikono magotini, zile taa zimezimwa. Amesikia kila neno.

"Mpelekee yule dada fundi wa kompyuta," nikamwambia. Duka la huyo dada linatazamana na kibanda chake, ni kuvuka barabara tu.

"Miaka yote hii watu wananiletea mimi vitu vilivyokufa," akasema. "Leo nivuke barabara na changu mkononi, watu wanaona?"

"Kwa hiyo bora mtoto akate tamaa?"

Akachukua kitambaa, akaanza kupangusa kioo cha kasha. Kiburi cha mtu mpole ni kibaya kuliko cha mkorofi, maana huwezi hata kugombana nacho. Nikaamua kukipitia dirishani. Kesho yake asubuhi nikamfuata yule dada mwenyewe, nikamwomba aje nyumbani kunitazamia simu yangu, ambayo haikuwa na ugonjwa wowote.

Akaja na kibegi chake. "Shikamoo mzee wangu." "Marahaba." Akageuka kuitafuta simu, macho yakatua kwenye kasha, akasahau alichojia. "Mzee, hizi kebo umezilaza wewe?" Mzee akaguna. "Mimi nimesoma kazi hii chuoni," akasema dada, "na sijawahi kulaza kebo hivi." Nikamwona Mzee akijinyoosha kidogo kwenye kiti. Basi akamweleza shida mwenyewe, kwa dakika na sekunde. Dada akasikiliza, akaomba bisibisi, akaing'oa feni ya prosesa. Akainama. Akainama zaidi.

"Mzee, dawa umeisahau."

"Ipo."

"Iko wapi?"

"Si hiyo hapo katikati?"

Dada akafikicha macho. Mzee akavua kilenzi chake, akampa. Dada akakiweka jichoni, akatafuta, akatafuta, halafu akaanza kutikisika mabega. Nilidhani analia. "Nimeiona," akasema akijikaza. "Mzee wangu, hii inaungua! Joto halina pa kupitia, ndiyo maana inajizima."

"Mafuta yakizidi yanaua."

"Kwenye saa, mzee. Hii si saa."

Akachukua bomba la dawa, akalikamua. Likatoka donge kama punje ya mahindi, tena punje iliyoshiba. Mzee akafumba macho na kugeuza uso ukutani, kama mtu anayedungwa sindano. Hakugeuka mpaka feni iliporudishwa na kukazwa.

Jumapili ya nne mimi nilikuwa jikoni, nimejifanya nina vyombo vya kuosha. Dakika kumi na mbili zikapita. Ishirini. Taa zinameta, feni zinavuma, na huko sebuleni, jamani, watu wanaongea.

"Baba, usikate huo, bado mdogo."

"Upi basi?"

"Ule mnene, kando ya mto. Polepole."

"Mimi ndiye wa kufundishwa polepole? Kwani nani kakufundisha kushika shoka hivyo?"

Anatania! Nilisimama na sahani inachuruzika povu. Kumbe yule mtu maneno anayo, ila yanataka mikono iwe kazini na macho yawe pengine. Alimsimulia siku aliyofukuzwa na mwalimu wake, kwamba alilia njia nzima akirudi kwao. Mimi hiyo ya kulia sijawahi kuambiwa, na ndimi niliyeolewa naye. Wivu ulinishika, siwezi kukataa.

Wakakata mti mwingine. Halafu nikamsikia Mzee akisema, sauti ileile ya kuulizia shoka: "Jumatano hii ulimpigia mama yako. Huko kwenu ilikuwa saa nne asubuhi. Jumatatu pia, saa nne na dakika kumi. Hizo si saa zako za kazi?"

Ni kweli alinipigia. Mimi nilifurahi tu. Niliongea saa nzima, sikutazama hata saa ya ukutani.

Kwenye spika shoka likaacha kugonga, nikadhani mashine imezimika tena. Kisha sauti ya mtoto wetu ikatoka ndogo. "Waliniachisha kazi, baba. Huu ni mwezi wa tatu sasa. Usimwambie mama, atalia."

"Mama yako yuko nyuma yangu," akasema Mzee, maana uongo hajajaliwa. "Hajalia bado."

Nilikuwa nimeshafika sebuleni na sahani yangu, na machozi yalikuwa ndiyo yanatoka. Nilijionea aibu. Kwenye skrini yule mtu wa binti yetu alikuwa amesimama peke yake ng'ambo ya mto, shoka limemwangukia miguuni. Mzee hakusema pole. Alishika mausi kwa vidole viwili, akamwingiza yule wa shati jekundu majini, akamvusha taratibu, akagonga jiwe moja, akalizunguka, mpaka akamsimamisha kando yake kabisa, bega kwa bega.

"Nimefika," akasema. "Haya, niambie tangu siku ya kwanza."

Nikavuta kiti, nikaketi karibu na mume wangu, na mtoto akaanza kueleza.