Mzee Aliyewakaribisha Watoto Wasiokuwepo

Siku yangu ya kwanza ya uuguzi kwenye makao ya wazee, nje kidogo ya Sumbawanga, muuguzi mkuu, mtawa tuliyemwita Sista Matroni, alinikabidhi daftari la wagonjwa. Kwa kila aliyepotewa na kumbukumbu liliandikwa neno moja: uzee.

Miaka ile wengi walikuwa na usahaulifu wa aina inayoanza polepole: mtu anasahau chungu motoni, baadaye jina la mwanawe. Kisha wakaongezeka waliosahau baada ya kuugua kiharusi kwa sababu ya presha. Hao hushuka kwa ngazi: juzi mzima, leo ameporomoka, halafu anabaki hapo. Nikaanza kuwapima presha kila wiki.

Ndipo akaletwa Mzee Kauzeni, mkulima wa ulezi kutoka Ilemba. Alitetemeka mikono na kuburuta miguu. Asubuhi aliongea vizuri. Mchana aliona watoto wamekaa kitandani pake, akawakaribisha ugali. Binti yake, Oliva, alinieleza kwamba kijijini wanasema mzee amerogwa na dada yake, na shangazi huyo sasa anaogopa hata kutoka nje.

Siku moja mzee alimchapa mgonjwa mwenzake fimbo, akiwatetea watoto wale. Sista Matroni akaagiza sindano ya kutuliza tuliyozoea kuwapa wote waliofanya fujo. Nilisita, lakini nikamchoma. Kufika jioni alikuwa amekakamaa, mate yanamtoka, hawezi kumeza. Oliva aliniuliza nimempa nini baba yake.

Daktari aliyeitwa kutoka mjini alimhoji Oliva kwa muda mrefu.

"Ubongo wenyewe ndio unaomwonyesha watoto," alisema. "Hii ni aina nyingine ya ugonjwa wa kusahau. Sindano hiyo inaweza kumuua. Msimpe tena."

Akamwekea dripu. Sista Matroni aliniambia niandike daftarini kwamba uzee umemzidi.

"Sista, nitaandika sindano," nilimjibu.

Nilipomaliza, akatia saini yake chini ya yangu.

Siku ya tano mzee alimeza uji. Tulikwenda Ilemba na daktari, akaueleza ukoo ugonjwa ule mbele ya yule dada. Jumapili iliyofuata mama yule alikwenda kanisani.

Sasa nimestaafu. Wauguzi vijana huniuliza kama wagonjwa wa aina ile wameongezeka, au ni sisi tuliochelewa kuwatambua. Huwaambia kwamba kabla ya Mzee Kauzeni tulizika wawili waliokakamaa vivyo hivyo. Niliyewachoma sindano ni mimi.