Mtungi wa Jibini

Muuza maziwa wa kibanda cha pili sokoni Garissa ana mikono inayonukia moshi hata siku ya Idi. Kila asubuhi hubakiza lita tatu za maziwa ya ngamia, akayatia dawa ya kugandisha katika mtungi wake wa jibini, kisha akamwita jirani yake. “Abaayo Hani, dada yangu, njoo uone kama imeganda.” Haigandi. Hani huuinamisha mtungi, maziwa yakamwagika kama maji. Juzi alimwambia aendelee, jana akamwambia aache, na mara zote mbili mwenzake alijibu, “Kweli kabisa.”

Leo muuza maziwa hakumwita mtu. Aliyamwaga yote, akauosha mtungi. “Wallahi nimeacha. Miezi minane inatosha.” Hani, aliyekuwa akitazama kutoka kibanda cha jirani, akashusha pumzi. Mara akamwona anachukua kijinga cha moto na kuufukiza mtungi uleule, kama chombo kinavyofukizwa kungoja maziwa ya kesho.

“Si umeacha?”

Muuza maziwa akaitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine.

“Nimeacha,” akasema, akauziba mdomo wa mtungi ili moshi usipotee.