Waume Wawili wa Dungu Moja

Muhula uliopita daktari mmoja hapa Garsen aliniambia nikae juani kila asubuhi kabla ya darasa, hasa siku za mawingu. Alisema baadhi ya watu wenye akili isiyotulia kama mimi wakikosa mwanga huzama katika uzito na uchovu, na usingizi wao huvurugika. Nilicheka. Dawa hiyo nimeinywa bure utoto mzima kule Ozi, juu ya dungu la bibi.

Unalijua dungu? Ni jukwaa la miti katikati ya mpunga, unakaa juu na teo lako, kombeo la kurushia tope, unafukuza ndege. Mwalimu aliniita kiroboto, lakini huko juu kiroboto ndiye aliyetakiwa. Ndege hawa, ndege wale, piga kelele, rusha tope! Jua lilinipata usoni tangu linachomoza. Halafu bibi anakuja na wali na kambare wa kuchoma, anaita kutoka chini, "Mume wangu, shuka ule!" Najua, ni utani wa bibi na wajukuu. Mimi niliuchukua kama cheti cha ndoa.

Mwaka mmoja mawingu yaligoma kuondoka na mpunga unakomaa. Nikawa mzito kama gunia lililoloa. Nililala juu ya dungu, teo mkononi, na ndege wakala pembe nzima ya shamba. Bibi hakunipiga. Alisema tu, "Shuka, baba, ukalale ndani."

Baba! Ndiyo talaka hiyo.

Kesho yake binamu yangu ndiye aliyekuwa juu, anapiga mluzi, naye bibi anaita, "Mume wangu, shuka ule!" Mimi nilikula jikoni gizani, moshi machoni, nikiomba aanguke. Hakuanguka, na shabaha hana. Wote waliniita mvivu. Hata mimi niliamini.

Likizo hii nilimweleza bibi maneno ya daktari. Aliacha kumenya muhogo. "Kumbe ulikuwa mgonjwa, mume wangu?"

Binamu akapaliwa na chai. "Bibi! Mume si ni mimi?"

"Nyamaza wewe, ulifukuza ndege gani?"

Nilicheka mpaka nikatoka nje nilitazame dungu langu. Halipo. Mafuriko yalilibeba, maji ya chumvi yakaingia shambani, na mpunga haupandwi tena. Tumebaki waume wawili tunagombania nyumba iliyokwenda na mto.

Lakini msimu ule wa mawingu ndio uliokuwa wa mwisho wa dungu, na aliyekaa juu ni binamu, mimi nikiwa jikoni. Hilo sijamsamehe.