Kavuo Anaonja Mbele ya Wakwe

Ukienda soko la Butembo, upande wa mboga, utamwona. Ni mama mufupi, mwenye kitambaa cha kichwa kilichofungwa kwa nguvu, anauza puaro, vile vitunguu vya majani marefu, na viazi vya Kipese. Atakukaribisha vizuri, atakuuliza habari za nyumbani, lakini usishike puaro zake kama ulikuwa unajikuna. Atakuambia mbele ya watu wote, "Papa, nawa kwanza." Wateja wengine wamekasirika na kwenda zao. Wengi wanacheka, wananawa, wananunua. Huyo ndiye Kavuo.

Alizaliwa kule juu, Kipese, ambako baridi inaingia mpaka ndani ya chungu. Mama yake alimufundisha mambo mawili: kupanda puaro, na kupokea mugeni. Na kupokea mugeni, kwetu, munajua namna iko. Aliyepika ndiye anayekula wa kwanza. Anakata tonge, anachovya, anakula, anameza, na wageni wanamutazama koo. Kama koo likishuka, nao wananawa mikono. Hata pombe ya ndizi, mwenye nyumba anakunywa kidogo kwanza ndipo anatoa kikombe. Hakuna mutu anayeona ni matusi. Tumezika watu wengi ambao wengine walisema ni sumu ndiyo iliwaua, kweli au uongo, Mungu ndiye anajua. Kwa hiyo tunatazamana koo.

Basi Kavuo, kwa sababu ya kinyaa chake, akawa mutu wa kuitwa. Familia ikiwa na ndoa au matanga, na kuna maneno maneno kati ya ndugu, wanasema: mwite Kavuo apike. Kwa maana chakula ambacho Kavuo amemeza, kila mutu anakula bila kuuliza. Mambo hayo hayakumupatia mali. Yalimupatia jina tu, na jina hilo alilichunga kuliko nyumba yake ya mabati.

Mume wake, Mathe, alikufa zamani na kumuachia mutoto mumoja, Timothée. Puaro ndizo zilimusomesha. Sasa Timothée anafanya kazi katika ofisi ya watu wa kupokea mizigo ya wafanyabiashara, anavaa shati la mikono mirefu, na alikuwa amemupata Séphora, binti wa Beni, mwalimu, mupole. Wazazi wa Séphora walituma neno kwamba watakuja Butembo kuona fasi mutoto wao atakaa. Wakitosheka, watapanga mahari. Wasipotosheka, basi. Kavuo hakulala vizuri tangu siku alipopata habari hiyo. Alimutaka Séphora katika nyumba yake kama vile mutu anavyotaka mvua.

"Mama," Timothée akamwambia jioni moja jikoni, "bakwe bakikuya, hatutabakulisha hapa."

"Sasa wapi? Kwa padri?"

"Ku restora. Ile mupya ya njia ya Rughenda, ya vioo. Batu bakubwa bote banakula pale."

"Niko na mafiga, niko na sufuria, niko na mikono. Restora ya nini?"

"Moshi, Mama! Papa yake Séphora ni muzee wa kanisa. Ataikala wapi? Juu ya mufuko ya makala ya kupikia?"

Maneno hayo yalimuchoma. Lakini mama wa mutoto mumoja anameza mengi. Akageuza maharagi, akauliza tu, "Na nani ataonja?"

"Ku restora hakuna kuonja, Mama. Bale ni bapishi ba kusomea."

"Papa Lusenge atakula bila kuonjewa?"

Timothée akajikuna kichwa. Alijua habari ile, Séphora alikuwa amemueleza: muzee Lusenge alimupoteza mudogo wake kisha ya karamu moja kule Beni, na tangu siku ile haweki kitu mudomoni kama hajaona koo la mwenye kumukaribisha.

"Bon, utaonja weye," akasema. "Si ni weye unakaribisha? Hata kama hapana weye ulipika."

Na Kavuo akakubali. Hapo ndipo alipokosea, ndugu zangu. Maisha yake yote alikuwa anaonja sufuria yake mwenyewe. Siku ile alikubali kuazimisha koo lake kwa sufuria ya watu asiowajua.

Siku ya Mungu, kisha ya misa, wakwe wakafika. Papa Lusenge alikuwa murefu na kimya. Mama Anne-Marie, muke wake, alikuwa na macho ya huruma na viatu vyeupe vilivyojaa mavumbi. Walikuwa wametoka Beni asubuhi sana, na kwa sababu ya usalama wa njia walipaswa kurudi mbele ya jioni. Hawakuwa wamekula kitu. Séphora alikaa kati yao, akitazama mikono yake.

Restora yenyewe, ukiiona kutoka barabarani, utaisifu. Vioo kila upande, mapazia meupe, maua ya plastiki juu ya kila meza, na unaona uwanja wa ndege kule chini. Lakini Kavuo alipoweka kiwiko juu ya meza, kiwiko kikashikwa. Akakivuta, kikatoa sauti, kama mutu anayebandua kitu kwenye gundi. Akatazama ndani ya maua: kulikuwa vijiti vya meno, vilivyokwisha kutumika, vimepangwa kati ya majani. Garson akaja anapanguza glasi kwa kitambaa, akaipanguza vizuri sana, kisha akapanguza shingo yake kwa kitambaa kile kile, akachukua glasi ya pili.

Kavuo akasimama, akasema anaenda kunawa. Mulango wa choo na mulango wa jiko ilikuwa inatazamana, yote wazi. Katika choo hakukuwa maji. Katika jiko kulikuwa beseni kubwa ya maji meusi, mafuta yameganda juu yake kama ngozi, na sahani zinaoga ndani. Inzi walikuwa wametulia, hawakuruka hata alipopita, kama watu walio kwao. Akarudi na mikono yake bila kunawa. Akaiweka juu ya magoti, akaiacha pale.

"Mama Timothée!" mutu akamuita kutoka meza ya jirani. Alikuwa Zorobabel, anayeuza misumari na mabati karibu na soko, mafuta yanamushuka mpaka kwenye kidevu. "Na weye uko hapa! Kula mbuzi! Mbuzi ya hapa, utajiuma vidole!"

"Hapana kumusikiliza," muke wake akasema, akiinua paja la kuku kwa kisu. "Angalia hii. Iko na damu. Bilibaki kidogo ilie kokoriko."

"Weye ulizoea kulalamika."

"Na weye ulizoea kula."

Karibu na vioo, vijana walikuwa wanapiga picha glasi zao za maji ya matunda, wakisema hapa ni Ulaya kabisa. Ndivyo ilivyokuwa: kila meza na habari yake. Timothée alisikia ya vijana tu. Alikuwa anatabasamu mpaka mashavu yanatetemeka.

Kisha samaki akaletwa. Tilapia mukubwa, muzima, amelala katika sahani ndefu, juu yake vitunguu, nyanya, ndimu, majani. "Ya Kyavinyonge, ku ziwa," garson akasema. "Ya leo asubui." Harufu ya ndimu ikafika kwanza. Kisha, chini ya ndimu, ikafika nyingine, pole pole, kama maji ya maua yaliyosahauliwa juu ya kaburi. Kavuo akamutazama mwanawe. Timothée akatazama pembeni.

Papa Lusenge akaomba. Aliomba kwa ajili ya njia, kwa ajili ya Beni, kwa ajili ya watoto hawa wawili, na wakati wote huo inzi mumoja alikuwa anatembea juu ya jicho la samaki, anazunguka, anasimama, anajipanguza miguu. Kavuo hakufunga macho. Hakuweza.

"Amina," Timothée akasema mbio. "Mama ataonja."

Muzee akaweka mikono juu ya magoti, akamutazama Kavuo kooni. Hakujificha. Anne-Marie naye akatazama.

Kavuo akagusa samaki, na nyama ikamufuata mukononi bila kuvutwa, laini, ya kuteleza kama sabuni iliyolala katika maji. Akatia mudomoni. Ilikuwa chachu. Kisha ikawa chungu, na kuchoma ulimi, na kati ya meno hakukuwa kitu cha kutafuna, uji tu, uji wa moto wa kitu kilichokufa zamani. Angetema. Lakini mama wa bwana harusi kutema tonge la kwanza mbele ya wakwe! Akaona macho ya Timothée, makubwa, yanamuomba kama vile yalivyokuwa yanaomba alipokuwa mutoto. Akameza. Likafika nusu ya njia, likarudi. Akalirudisha. Machozi yakatoka.

"Ni pilipili?" Anne-Marie akauliza kwa upole.

"Njo, ni pilipili," Timothée akasema.

Papa Lusenge alikuwa ameona koo linashuka. Uso wake ukafunguka kwa mara ya kwanza tangu alipofika. "Wasingya, mama, aksanti," akasema. "Sasa tukule." Akakata bugali, akakata kipande kikubwa cha samaki karibu na tumbo, akachovya. Na Anne-Marie akavuta kichwa cha samaki upande wake.

Ndipo Kavuo alipofahamu kitu alichokuwa amefanya. Hawa watu hawakuwa wanakula kwa sababu ya vioo na mapazia. Walikuwa wanakula kwa sababu yake yeye. Akafikiri juu ya njia ya Beni, watu hawa wawili wanajikunja ndani ya gari na matumbo yanawakata. Akaweka kiganja chake chote juu ya samaki, ndani ya mchuzi.

"Hapana kula!"

Mukono wa muzee ukasimama mbele ya mudomo.

"Mama!" Timothée akalia.

"Ulimeza," Papa Lusenge akasema pole pole. "Miye nimeona. Ulimeza, na sasa unatukataza. Kuko nini ndani?"

Séphora akaanza kulia. Kavuo akafahamu kwamba wanafikiri ni sumu.

"Kuko kuoza, baba. Samaki imeoza. Nilimeza juu ya mutoto wangu, asipate haya. Lakini ninyi hapana kula."

Gérant, mukubwa wa restora, akaja, Sadrack ndilo jina lake, karavati ya rangi ya damu ya muzee, marashi mengi. "Kuko nini hapa? Ah, samaki! Mama, ile ni goût, ladha ya sauce. Bazungu banaipenda vile. Batu bengine habayazoea tu."

"Basi onja," Papa Lusenge akasema, akamunyooshea kile kipande.

Sadrack akacheka. Akatazama wateja. Akatazama samaki. "Miye samaki sikulaka."

"Sauce tu. Na bugali."

"Niko mu kazi, papa."

"Muite mupishi."

Garson akatumwa jikoni. Akarudi peke yake, akatazama juu kama mutu anayehesabu mbao. Katika meza zote kanya na visu vilisimama hewani. Kijana mumoja akapiga kelele, "Mama, utuache tukule na amani!" lakini musichana aliyekuwa karibu naye akasukuma glasi yake mbali. Muke wa Zorobabel akasimama na kuku yake juu ya kisu, "Nilisema! Nilisema, ama sikusema?" Na Zorobabel, mufupa mudomoni, akajibu, "Mbuzi haina makosa," akaendelea.

Kavuo hakungoja mwisho wa shauri. Lile tonge lilikuwa linapanda. Akashuka ngazi akijishika mudomo, akavuka uwanja, akafika kwenye mufereji wa barabara, akainama, na yote yakatoka. Yalitoka na ndimu yake, na pua ikachoma, na kila mara alipodhani yamekwisha ladha ile ilirudi ulimini na kuyaita mengine.

Mukono ukamushika paji la uso, kutoka nyuma, kama unavyomushika mutoto. Alikuwa Anne-Marie. Mama wakwe wawili kwetu wanasalimiana na macho chini, wanaheshimiana kwa mbali. Huyu alikuwa amesimama na viatu vyake vyeupe, na viatu havikuwa vyeupe tena.

"Toa yote, mama. Toa. Hapana kuona haya."

"Angalia namna niliwapokea," Kavuo akasema alipopata pumzi.

"Bengine balitupokea vizuri sana," Anne-Marie akajibu. "Na tukazika mutu."

Akafungua ncha ya kikwembe chake, akamupanguza mudomo nayo.

Papa Lusenge akafika na Séphora. Alikuwa na njaa na hasira, na vidole vyake bado vina mafuta ya samaki. Akavisugua katika majani ya kando ya njia, akanusa, akavisugua tena, akakunja uso.

"Kwenu kuko nini ya kula?" akauliza.

"Maharagi ya jana, baba. Na moshi."

Muzee akatazama jua. "Njia itatufungia. Hatutakula leo." Akapiga hatua mbili kuelekea barabara, na Kavuo akafikiri basi, ndiyo mwisho. "Juma lenye kukuya mutakuya Beni. Weye na mutoto wako. Tutaongea habari ya mbuzi za mahari. Na umwambie asinipeleke tena fasi ya vioo."

Kavuo alitaka kupiga magoti, Anne-Marie akamuzuia kwa sababu ya uchafu uliokuwa chini.

Timothée akashuka wa mwisho, shati limelowa jasho, hajui amutazame nani. Mukononi alikuwa na mufuko wa plastiki, umevimba, mchuzi unadondoka kutoka pembe moja.

"Bamekataa kurudisha feza," akasema kwa sauti ndogo. "Bamenifungia samaki yote."

Kavuo akafungua mudomo amukaripie. Harufu ya ndimu ikamufikia kwanza, naye akarudi mbio kwenye mufereji.