Mkwe Kwenye Usukani

Mkwe wangu ana vyeti viwili vya kuendesha boti, vyote kavitia fremu, na siku ile ya upepo mkali wa kusi havikumfaa hata kimoja. Mimi shule niliishia darasa la pili, na hilo la pili nililisoma nusu. Mama alikufa mapema, baba alikuwa nahodha wa mashua ya chokaa, basi nikalelewa chomboni kama paka. Kwa hiyo nikimcheka mtu wa vyeti mnivumilie, sina adabu nyingine.

Alitoka Dar es Salaam kuja kumwoa binti yangu, na kofia yake kichwani. Kofia ile ina nanga ya uzi wa dhahabu mbele. Baba yangu miaka yote alijifunga kitambaa tu, na hakuna bandari iliyomkataa. Haya, tuiache kofia. Mkwe akataka boti la matanga, jeupe, la kutembezea watalii Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Binti yangu akauza minazi yake ya Mchinga, minazi aliyopandiwa na marehemu baba yake, ili boti lipatikane. Ningesemaje? Kwetu mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni wala hawasemezani, hata salamu. Neno likiwepo linapitia kwa mke.

Basi wakanipakia Lindi, nikaione hiyo biashara Kilwa Masoko. Nikakaa omo, mbele kabisa, khanga kichwani, mgongo nimempa yeye. Yeye yuko nyuma kwenye usukani. Binti yangu katikati, mchukuzi wa maneno.

Nikamwambia binti, mwambie mwenzio tanga limezidi upepo huu. Akamwambia. Jibu likarudi kwamba kitabu kinasema tanga liko sawa. Nikauliza, hicho kitabu kimewahi kulowa? Hilo binti hakulifikisha, akasema anaona kizunguzungu. Maneno yangu yalikuwa yakisafiri polepole kuliko gari la Kipatimu wakati wa masika.

Tukaingia bandarini na kusi mgongoni, tanga limejaa, gati la zege linatujia. Mkwe akategemea mashine ya boti. Mashine ikakohoa, ikameza gunia lililokuwa likielea, ikazima. Na pale gatini, hamuwajui watu wa gati? Mtu hajawahi kufunga hata ngalawa, lakini akiona chombo kinakuja vibaya anakuwa nahodha. Huyu anasema lete huku, yule peleka kule. Mmoja alikuwa akituelekeza kwa kipande cha muhogo, na baada ya kila amri anakitafuna kidogo.

Nikamwambia binti, haraka, mwambie ageuze omo kwenye upepo. Mwanangu akafungua mdomo, badala ya neno ukatoka wali wa asubuhi. Akalala ubavuni mwa boti, hana habari tena.

Ikawa hakuna wa kupitisha neno. Nikisema, nitakuwa mwanamke aliyemvunjia mkwe heshima mbele ya gati zima. Nikinyamaza, minazi ya mwanangu inakwenda kupasukia kwenye zege. Niliiona ile minazi, mmoja mmoja, mpaka ule uliopinda karibu na kisima.

Nikaishusha khanga, nikageuka, nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza. Ana kidevu kidogo kuliko nilivyodhani.

"We kijana," nikasema, "zungusha usukani kushoto mpaka ugome."

Akanitazama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Zungusha."

Akazungusha. Omo likageuka, likaukabili upepo, tanga likaanza kupigapiga kama khanga kwenye kamba, mwendo ukafa. Nikamwambia sasa liangushe, akaliangusha, likamfunika yeye na kofia yake. Kamba niliirusha mwenyewe, nikamlenga yule wa muhogo. Ilibidi autupe muhogo. Tukasugua matairi ya gati, ikachubuka rangi urefu wa mkono, basi.

Mkwe alipotoka chini ya tanga, wale manahodha wa gatini wakampongeza. Wakasema hakika kijana anakijua chombo. Naye akazipokea sifa, akaivaa kofia vizuri, akasema upepo wa leo ulikuwa na ubishi kidogo. Mimi nikajifunika khanga yangu, nikaenda kumfuta mwanangu mdomo.

Siku hizi kabla ya kutoka na watalii ananipigia simu Mchinga. Anaamkia, kisha hasemi tena, heshima imemrudia. Anaiinua tu simu juu ili nisikie kunavuma vipi. Nikisema kaa, anakaa, wageni wake wanakunywa soda gatini. Hao wageni, nimeambiwa, anawaeleza kwamba amesoma dalili za hali ya hewa. Aeleze. Boti la mwanangu halijachubuka tena.